Ukimya wa Rongai: Upande wa Kilimanjaro Ambao Historia Yetu Imeupa Kisogo

Kilimanjaro ni mlima mmoja, lakini katika masomo yetu ya historia una upande mmoja tu. Mwanafunzi wa Tanzania husoma habari za Marangu, Machame na Moshi: migomba na kahawa, misheni na shule za mwanzo, reli iliyotoka Tanga, na Hans Meyer aliyepita Marangu mwaka 1889 akielekea kileleni. Upande wa kaskazini, ule unaoitazama Loitokitok na nyanda za Amboseli, hautajwi kabisa, au hutajwa kama mahali ambapo nchi inaishia. Wapandaji nao wamefuata mkondo huohuo. Wengi hupitia Machame, Lemosho au Marangu. Wachache ndio huchagua Rongai, njia pekee inayoanzia kaskazini.

Niliupanda mlima kwa njia hiyo mwezi wa Januari, pamoja na wenzangu wawili wa chuoni. Tulitumia siku sita, na katika siku hizo nilipata muda wa kutosha wa kujiuliza swali moja ambalo ningependa tulitafakari pamoja, ndugu msomaji: kwa nini Rongai ni kimya?

Jibu la haraka ni hali ya asili. Pepo za kusi hugonga miteremko ya kusini na kumwaga mvua yake huko. Kaskazini hubaki katika kivuli cha mvua, na kwa hiyo msitu wake ni mwembamba na vijito vyake ni vichache. Hilo ni kweli. Hata hivyo halijibu swali. Njia kavu, yenye mteremko wa taratibu na tope kidogo, ilipaswa kuwavuta wapandaji badala ya kuwafukuza. Chanzo cha ukimya huu hatuna budi kukitafuta katika mikataba, sheria za misitu na maamuzi ya serikali. Hoja yangu ni kwamba ukimya wa Rongai ulitengenezwa na watu, kwa hatua zinazoweza kutajwa tarehe zake. Nasema pia kwamba mkono uliounyamazisha upande wa kaskazini ndio uliowanyamazisha wanaobeba mizigo ya mlima huu.

Zawadi ambayo haikutolewa

Tuanze na mpaka, kwa kuwa Rongai iko karibu nao. Karibu kila mtu aliyewahi kufika Moshi amesimuliwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mlima huu kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, na kwamba ndiyo sababu mstari wa mpaka umepinda ukauzunguka mlima. Kisa hiki kinapendwa sana, lakini hakina ukweli. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuhusu mpaka huo tarehe 1 Novemba 1886. Mjukuu huyo wa Malkia, Wilhelm II, hakuwa Kaisari wakati huo. Alikalia kiti mwaka 1888.

Kilichoupinda mpaka ni ushindani wa karatasi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alipata mikataba Taveta. Mwaka 1885 Jenerali Lloyd Mathews alifika Uchagani kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, akawapata watawala waliokubali kupandisha bendera ya Sultani. Muda si mrefu akafika Karl Jühlke, mjumbe wa Carl Peters, akapata karatasi yake kutoka kwa Mangi Rindi wa Moshi, maarufu kwa jina la Mandara. Mangi huyu alikuwa mwanasiasa mwerevu. Alikuwa na mahasimu miongoni mwa mangi wenzake, na kila mgeni mwenye bunduki na zawadi alikuwa kwake mshirika anayeweza kutumiwa. Alidhani anakusanya marafiki. Wenzake walikuwa wanakusanya ushahidi wa kupeleka Ulaya. Mwishowe Taveta ikaangukia kwa Waingereza na Kilimanjaro ikaangukia kwa Wajerumani, na Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi.

Naupinga uongo wa zawadi kwa sababu una madhara. Unaligeuza suala la siasa kuwa jambo la kifamilia la wafalme wa Ulaya, na kwa kufanya hivyo unawafuta Mandara, Barghash na mahesabu yao yote. Unatufundisha kwamba katika historia ya mlima wetu sisi tulikuwa mandhari tu. Ukweli ni kwamba zawadi ilikuwepo, ila haikuwa mlima na haikutoka kwa Malkia. Meyer alipofika kileleni alichukua jiwe, akalipeleka Ujerumani na kumpa Kaisari kipande chake, nacho kikawekwa katika ukuta wa kasri mjini Potsdam.

Mstari wa mwaka 1886 uliwekwa mahali ambapo watu walikuwa wakikutana. Warombo walifanya biashara na Wamaasai na Wakamba wa nyanda za chini muda mrefu kabla ya kuwapo kwa ofisi ya forodha. Wamaasai waliuita mlima Ol Doinyo Oibor, yaani mlima mweupe, na hawakuwa na sababu ya kuuona kama ukuta wa nchi nyingine. Hata leo, anayepita Tarakea ataona kwamba soko halijakubaliana kikamilifu na ramani. Hata hivyo, ramani ndiyo iliyopata barabara, shule na vitabu. Upande wa kusini ulikuwa karibu na bandari ya Tanga, na kufikia mwaka 1912 reli ilikuwa imeshafika Moshi. Upande wa kaskazini ulibaki nyuma ya mlima, ukiwa ukingo wa koloni.

Msitu wenye safu

Ili kupanda kwa njia ya Rongai tulikamilisha taratibu za vibali kwenye lango la Marangu, kisha tukasafiri kwa gari tukiuzunguka mlima kwa upande wa mashariki, tukipita Mkuu na Tarakea hadi Nalemuru. Mgeni aliyezoea picha za msitu wa mvua wa kusini hushangaa anapoanza kutembea. Hakutani na msitu wa asili. Anapita katika miti ya msindano iliyopandwa kwa safu zilizonyooka, na katikati ya miche michanga anaona viazi na mahindi. Hili ni shamba la miti la serikali. Wananchi hupewa vipande vya kulima kati ya miche. Wakati wanapalilia viazi vyao huwa wanapalilia na miti. Miti ikikua na kufunika ardhi, mkulima huondoka na kutafuta kipande kingine.

Pembeni mwa njia tulimkuta mama wa makamo akipalilia. Tulimwamkia, naye akaitikia huku akiegemea jembe. Akauliza kama tunakwenda mpaka juu. Nikamjibu kwamba tunajaribu. "Haya, Mungu awatangulie, baba zangu," akasema. "Mimi mwisho wangu ni hapa kwenye miti. Huko juu ni kwa wageni, na kwa watoto wetu wanaowabebea."

Maneno hayo yana historia ndefu. Wajerumani ndio walioanza kuutenga msitu wa Kilimanjaro kuwa hifadhi, na Waingereza wakautangaza rasmi mwaka 1921. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu ili wananchi wapate kuni, majani ya mifugo na mbao chini ya usimamizi wa mamlaka ya Wachagga wenyewe. Ilikuwa njia ya kukiri kwamba msitu ukifungwa kabisa watu hawataishi. Mwaka 1973 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa, ikihusu hasa eneo la juu ya msitu. Mwaka 1987 mlima ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu wa asili nao ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na mvutano juu ya kuni, majani na ukanda wa nusu maili ukachukua sura mpya.

Sisemi kwamba hifadhi ni kosa. Maji ya mto Pangani, yanayomwagilia mashamba na kuzungusha mitambo ya umeme, yanategemea msitu huo, na anayeukata anakata tawi alilokalia. Ninachokiomba kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni kitu kimoja. Kila hatua niliyoitaja ilikuwa na sababu nzuri kwenye jalada lake. Lakini ukizisoma kwa mfululizo, jinsi mwananchi wa Rombo anavyozisoma, utaona mstari unaoshuka kuelekea mlangoni kwake kwa zaidi ya miaka 100, na kila mara aliyeusogeza alikuwa mtu mwingine. Afisa anayekwenda kijijini kuzungumzia mipaka ya hifadhi bila kuijua kumbukumbu hiyo atadhani anakabiliana na ukaidi. Anakabiliana na historia.

Mwaka ambao njia ilifungwa

Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Simba, kwenye mita 2,600 hivi. Giza lilipoingia tukaziona taa za Loitokitok chini yetu, karibu kiasi cha kukufanya udhani ukipaza sauti utasikika. Hapo ndipo sababu ya tatu ya ukimya wa kaskazini inapoonekana kwa macho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilianzishwa Loitokitok shule ya mafunzo ya milimani ya Outward Bound, iliyoutumia Kilimanjaro kama darasa lake. Wanafunzi wake walipanda kutoka kaskazini. Alama ya siku hizo bado ipo: kibanda kilichopo kwenye mwinuko wa mita 4,700 na zaidi, mashariki mwa Kibo, kinaitwa School Hut hadi leo. Baada ya uhuru, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, mlima ungeweza kuwa urithi wa pamoja: kilele Tanzania, darasa Kenya, na njia ya miguu kati yake.

Haikuwa hivyo. Jumuiya ilianza kupasuka kwa ugomvi wa fedha, mashirika na itikadi. Shirika la ndege la pamoja liliposambaratika mapema mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari mwaka huo. Ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Sababu mojawapo iliyotolewa na upande wetu ni ile inayozungumzwa hata sasa: kwamba watalii walishukia Nairobi, wakaingia Tanzania kuangalia wanyama na mlima, kisha wakarudi kutumia fedha zao Kenya. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lakini gharama yake haikulipwa Dar es Salaam wala Nairobi. Ililipwa Tarakea na Loitokitok, na watu waliokuwa na ndugu, ng'ombe na wateja upande wa pili.

Mwaka huohuo wa 1977 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilifunguliwa rasmi kwa wageni, na nguvu zote zilielekezwa Marangu. Vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo, ambavyo wapandaji wa Marangu hulala hadi leo, vilijengwa kwa msaada wa Norway. Kwa hiyo katika mwaka mmoja upande wa kusini ulipata lango, vibanda na wageni, na upande wa kaskazini ulipata kizuizi barabarani. Njia ya Rongai inayotumika sasa huanzia Nalemuru, ndani ya Tanzania. Mwalimu yeyote wa historia ya ushirikiano wa kikanda anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kuvunjika kwa Jumuiya kunafananaje, awapeleke kambi ya Simba usiku, wazitazame taa zile, kisha wajaribu kuitafuta njia ya kwenda huko.

Waliobeba

Siku ya tatu tulifika Mawenzi, kwenye ziwa dogo lililo chini ya kuta zake zilizochongoka, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa haishi kumwomba Kibo moto, mpaka siku moja Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kichwa chake kimeraruka. Ukikaa chini ya kilele hicho utasadiki.

Sisi wapandaji tulikuwa 3. Waliotupandisha walikuwa 14: waongozaji watatu, mpishi mmoja na wapagazi kumi. Vijana wa mlimani wenyewe hujiita wagumu, na jina limewafaa. Langoni mizigo yao ilipimwa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kanuni inataka mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Mpishi, mtu mzima kuliko wote, waliyemwita Meku kwa heshima ya Kichagga, alisema kwamba alipoanza kazi mizani haikuwapo, na mzigo ulipimwa kwa macho ya tajiri.

Jioni ile alikuja hemani kwangu kijana mmoja kati ya wagumu, mwenyeji wa Rombo. "Shikamoo mwalimu. Nimesikia unafundisha chuo. Na mimi nimesoma ualimu, Historia na Kiswahili. Ajira bado." Tukazungumza. Aliniambia amefika Kibo zaidi ya mara 30, lakini kileleni hajawahi kufika, maana mpagazi huishia kambini akisubiri mizigo ya kurudi. Nami nikamsimulia habari za Mwini Amani, ambaye hakuwahi kumsikia darasani, licha ya shahada yake ya Historia.

Ni vizuri na wewe msomaji ukamjua. Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, hawakufika kileleni kwa ushupavu peke yake. Mwaka 1887 Meyer alijaribu akashindwa. Mwaka 1888 alirudi, akakamatwa katika vita vya Abushiri vya kuupinga utawala wa Kijerumani pwani, akaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1889 alikuja na mpango mpya: kituo kikuu Marangu kwa Mangi Marealle, kituo cha kati pembezoni mwa msitu, na kituo cha juu kwenye uwanda uliopo kati ya Kibo na Mawenzi, huku wapagazi wakipandisha chakula kwa zamu. Mtu aliyebaki nao katika kituo hicho cha juu, kwenye baridi inayogandisha maji, alikuwa Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani ya joto, akitunza moto na kupika. Tarehe 3 Oktoba wazungu wawili walifika ukingoni mwa kreta wakarudi kwa uchovu. Tarehe 6 Oktoba walifika kileleni. Wangepata wapi nguvu ya kujaribu mara ya pili ndani ya siku tatu kama pasingekuwa na moto na chakula cha kurudia? Kwa ushahidi wa Meyer mwenyewe, Mwini Amani alikuwapo. Kwa ushahidi wa mitaala yetu, hakuwapo.

Nilipomaliza, kijana akauliza, "Na yeye alifika juu?"

Nikamwambia hapana, alibaki kambini.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Kumbe tangu enzi hizo kituo chetu ni kilekile."

Tazama pia jinsi tarehe zilivyokaa. Meyer alisimama kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 na kukiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani, katika mji wa Mwini Amani. Vitabu huliweka tukio la kwanza katika sura ya uvumbuzi na la pili katika sura ya upinzani, kana kwamba yalitokea katika nchi mbili. Yalikuwa tukio moja: nchi ikitwaliwa, kilele kwa bendera na pwani kwa kamba.

Mwini Amani si wa kwanza wala wa mwisho. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima tarehe 11 Mei 1848, aliyekuwa akimwongoza ni Bwana Kheri wa Mombasa, aliyekuwa anaijua njia ya Uchagani kabla yake. Mabingwa wa jiografia wa London walibishana miaka mingi kama Rebmann aliona theluji kweli karibu na ikweta. Hakuna aliyefikiri kumuuliza Bwana Kheri. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa chini ya mlima huu huu, Taveta na Longido, na jeshi la Uingereza likaingia Moshi mwezi Machi 1916. Wapagazi wa vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa ni neno ambalo tunalitamka kila siku bila kulisikia: Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao cha wabeba mizigo.

Haki inanitaka niseme kwamba Marangu imejitahidi. Langoni pale kuna kumbukumbu yenye majina ya Wachagga wanaotajwa kufuatana na Meyer, na Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, anaheshimiwa kama mwongozaji wa safari ile. Wapo wanaotilia shaka umri wake na nafasi yake mwaka 1889. Mjadala huo ni halali, na mwanafunzi wa historia asiuogope. Lakini aangalie mizani anayoitumia. Maneno ya mgeni aliyeandika hukubaliwa mpaka yathibitike kuwa uongo. Maneno ya mwenyeji aliyesimulia hukataliwa mpaka yathibitike kuwa kweli. Kama tunataka kuhoji, tuhoji pande zote mbili kwa ukali uleule.

Majina ya juu

Usiku wa manane wa siku ya tano tuliondoka Kibo. Gizani, kwa mwanga wa taa za kichwani, tulipita pango linaloitwa Hans Meyer. Alfajiri tukafika Gilman's Point, mita 5,685, mahali palipopewa jina la Clement Gillman, aliyepanda mwaka 1921. Baadaye Stella Point, jina la Stella Latham, aliyefika mwaka 1925. Kreta iliyo upande wa kulia inaitwa Reusch, kwa jina la mmisionari wa Kilutheri. Na mwisho, kwenye mita 5,895, Uhuru.

Jina hilo la mwisho tulilitwaa wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge na kusimamisha bendera ya Tanganyika mahali ambapo Meyer alikuwa amekiita kwa jina la Kaisari. Tulifanya vivyo hivyo chini. Kibanda kilichoitwa Bismarck kikawa Mandara. Kibanda kilichoitwa Peters kikawa Horombo, jina la mtawala shupavu wa Keni, Rombo, mwanzoni mwa karne ya 19. Wanaolala Horombo leo wajue kwamba jina lililofutwa lilikuwa la mtu aliyemnyonga mtumishi wake Mabruk na binti aliyeitwa Jagodja katika kituo cha Kilimanjaro, na ambaye wenyeji walimwita Mkono wa Damu. Hata serikali yake ilimfukuza kazi mwaka 1897.

Halafu tukaacha. Tulibadilisha majina ya watawala wakubwa, na ya wapandaji tukayaacha kana kwamba kupanda hakukuwa sehemu ya kutawala. Sina nia ya kumtukana Gillman wala Bibi Latham. Lakini kati ya kambi ya mwisho na kilele, mtoto wa Kitanzania hasomi jina hata moja la mtu wa hapa. Mangi Meli, mwana wa Mandara, aliyewashinda Wajerumani vitani mwaka 1892 na kunyongwa Moshi tarehe 2 Machi 1900, hana mwamba wala pango huko juu. Ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake Ujerumani.

Kazi iliyo mbele yetu

Nayaandika haya wakati ambapo mlima wenyewe unapoteza kumbukumbu yake. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeyeyuka. Barafu hatuwezi kuirudisha. Majina tunaweza, na hayahitaji fedha nyingi.

Kwa Hifadhi ya Taifa: majina ya wapagazi huandikwa langoni katika kila safari. Daftari hizo ni nyaraka za historia, zipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka badala ya kuozea stoo. Mpandaji anapofika kileleni hupewa cheti. Mpagazi aliyefika Kibo mara 30 hapewi chochote. Apewe cheti cha utumishi, chenye idadi ya safari zake na saini ya mamlaka. Kitamsaidia anapotafuta kazi nyingine, na kitamlinda dhidi ya tajiri anayedai hamjui.

Kwa wanaharakati: kanuni ya kilo 20 ilipatikana kwa sababu kuna watu waliopiga kelele. Kuweka kiwango cha ujira ni hatua moja, na kukilipa ni hatua nyingine. Fuatilieni hatua ya pili, na muifuatilie kaskazini pia, ambako mashahidi ni wachache.

Kwa wanafunzi wangu: acheni kunililia kwamba mada za tasnifu zimekwisha. Nendeni Tarakea na Nalemuru. Wapo wazee wanaokumbuka mwaka 1977 siku kwa siku, waliosoma ama kufanya kazi Loitokitok, waliopalilia viazi katika shamba la miti tangu ujana wao, waliobeba mizigo kabla ya kuwapo kwa mizani. Hakuna aliyewaandika. Kila mwaka idadi yao inapungua, na hakuna maktaba ya Berlin wala ya London itakayotutunzia wanayoyajua.

Na kwa wanaopanga mitaala: muwekeni Mwini Amani katika ukurasa uleule aliomo Meyer, na Abushiri katika mwaka uleule. Mwalimu asiye na ajira anayebeba mahema ya wageni anastahili angalau kuwa amefundishwa kwamba kazi anayoifanya ina historia, na kwamba bila kazi hiyo hakuna hata mmoja kati ya wenye majina huko juu ambaye angefika.